Kitana Chenye Ndevu

La, kidole hiki hakikuliwa na mashine. Nawaona mwakitazama, halafu mwatazamana wenyewe kwa wenyewe, kuuliza mwaona haya. Kilikatwa na mbuzi ya kukunia nazi, nikiwa msichana, arusini kwa watu, na hata huo wali wenyewe sikuula. Lakini mashine ya plastiki nilitia mkono ndani yake nikautoa, nikatia nikautoa, asubuhi hadi jioni, mwaka baada ya mwaka, na haikunichubua hata ukucha. Jikoni ndiko kwenye hatari. Anayeogopa kiwanda na aanze kumwogopa mamake na visu vyake.

Basi wewe Sidi, mjukuu wangu, unayeanza kazi ya plastiki Jumatatu, na nyinyi wenzake mliokuja kumpa hongera mkanimalizia mahamri, kaeni vizuri. Nitawaambia ninachokijua. Kusoma sikusoma. Jina langu, Jumwa, nilijifunza kuliandika huko huko kiwandani, na mpaka leo naanza na herufi ya mwisho halafu narudi nyuma. Lakini plastiki naijua kama nilivyokuwa nikijua babu yenu akidanganya: kwa sauti tu, bila kumtazama.

Kiwanda chetu kilikuwa kando ya barabara kuu, ukitoka Junju waenda Mtwapa. Msikitafute, hakipo, leo wauza simenti pale. Miaka hiyo ya themanini tulikuwa tukifanya vikombe, sahani za watoto, na hasa vitana. Pwani nzima ilichana nywele kwa mikono yetu. Ukimwona kijana wa Malindi nywele zimesimama kama kichaka, kitana kimechomekwa kisogoni, jua kimepita mkononi mwangu kile. Na babu yenu pia alikuwa na nywele. Msicheke, picha iko.

Sasa kitana hufanywa vipi. Plastiki yaja kwenye magunia, punje ndogo ndogo kama mchele mnene. Wazimimina juu ya mashine, kwenye mdomo mpana kama faneli. Zashuka ndani ya bomba la chuma lenye moto, na ndani ya bomba mna skrubu ndefu, nene kama mkono wa mtu mzima, yazunguka, yazisukuma mbele, kama ile mashine ya kusagia nyama. Zikifika mbele si punje tena, ni uji. Uji mzito wa kuvutika kama asali, lakini usiuonje. Mbele ya bomba pana kalibu. Kalibu ni vipande viwili vya chuma, vyafumbana kama viganja vya mtu apigaye makofi, na kati yake pamechongwa umbo la kitana, nusu huku na nusu huku. Vyafumbana: kwaa. Uji wapigwa ndani kwa nguvu, kama sindano ya daktari: shhhh. Halafu kimya. Maji baridi yapita ndani ya kile chuma, uji wagandamana. Halafu kalibu yafunguka: kacha. Vijiti vyasukuma vitana kwa nyuma: tik. Nawe wafungua mlango wa mashine, wavichukua, wafunga. Kwaa, shhhh, kimya, kacha, tik. Mtoto wangu wa pili alipoanza kusema hakusema mama. Alisema tik.

Vitana hutoka vinne vinne, vimeshikana kwenye kijiti kama samaki waliotungwa. Wavikata, kijiti chenyewe warudisha kwenye mashine ya kusaga, chasagwa, chaingia tena pamoja na punje mpya. Hakitupwi kitu. Hiyo ndo raha ya plastiki: ukikosea wayeyusha makosa yako, waanza upya. Ningelipenda na ndoa ziwe hivyo.

Kile kimya ndiyo kazi yenyewe. Ukifungua kalibu mapema, kitana chajikunja kama mkia wa mbwa. Ukichelewa, kazi imelala na meneja amekuja. Wenzangu walikuwa wakitazama saa ya ukutani. Mimi saa siijui. Fundi wetu akaniuliza, Jumwa, una shangazi wangapi? Nikamwambia saba. Akaniambia, wataje, pole pole, na heshima zao. Nikawataja: Kadzo, Mbeyu, Dama, Kahaso, Luvuno, Kache, Haluwa. Nikafungua. Kitana kimenyooka kama msumari. Tangu siku ile sikutazama ukuta. Shangazi Haluwa alipofariki nilimlilia msibani siku tatu, nikarudi kazini nikaendelea kumtaja, maana nikimruka yeye kitana kilikuwa kikijikunja. Nyinyi mtakuta mashine zenyewe zahesabu, zawaka taa. Vizuri. Lakini umeme ukipotea, mtamtaja nani?

Fundi huyo ndiye ninayetaka kuwapa habari zake. Fundi Lali, Mbajuni wa visiwa vya kaskazini. Babake alikuwa sonara Lamu, akiyeyusha fedha, akiimimina kwenye kalibu ndogo za vipuli na vikuku. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kazi ni ile ile ya babake, ila sasa wanaopendeza ni wengi zaidi. Kazi yake ilikuwa kufunga kalibu kwenye mashine, kisha kupima moto, nguvu na kasi, mpaka kitana kitoke sawa. Alikuwa mrefu, mkavu, kofia haimtoki kichwani, na marahaba yake ilikuwa ndefu kuliko shikamoo yako. "Marahabaaa, mwanangu. Watoto hawajambo? Mashine haijambo?" Mume wangu hakuulizwa mpaka mashine iulizwe.

Wiki yangu ya kwanza nilimharibia kazi kwa namna ambayo haijapata kuharibiwa. Mvua ilivuja stoo, magunia yakalowa. Sasa plastiki ile yetu ikiwa na maji, vitana hutoka na michirizi kama kioo kilichopumuliwa. Fundi akaniambia, mama, kaushe zile punje. Alikuwa na maana ya tanuri ndogo iliyokuwa nyuma, yenye sinia za bati. Lakini mimi mtu wa shamba. Ukiniambia kausha, mimi najua kuanika. Nikaazima mkeka kwa mlinzi, nikautandika uani juani, nikamwaga plastiki, nikaichambua na mkono vizuri kama mahindi. Nikakaa pembeni na fimbo, nafukuza kuku wa mlinzi. Kuku wakala hata hivyo. Nikafagia, nikakusanya, nikaipeta na ungo kabisa, nikaimimina kwenye mashine, nikajiona mwanamke.

Kufika adhuhuri mashine ikakohoa, ikanyamaza. Mchanga ulikuwa umeziba pua ya bomba. Na vitana vilivyotangulia kutoka vilikuwa na vipande vya ukili wa mkeka ndani, vimelala kama mdudu ndani ya sandarusi. Fundi Lali alishinda mpaka magharibi amelala chali chini ya lile bomba la moto, achokoa mchanga. Mimi nimesimama na kanga yangu mkononi, nangoja kufukuzwa, nishaanza kuikunja.

Alipotoka, uso mweusi kwa grisi, akaniuliza nani alinifundisha kuanika. Nikasema mamangu. Akasema, "Alikufundisha vizuri. Ila hii si mahindi." Kisha akachukua kitana kimoja chenye ukili ndani, akakitia mfukoni. Alikichania ndevu zake mpaka anaingia kaburini. Hiyo ndiyo iliyonifunga kwake. Mtu akilitunza kosa lako mfukoni kama pambo, utamfanyia nini?

Sasa mwanijua mimi. Watu nawaiga. Nilizaliwa nao ugonjwa huo. Mchungaji akihubiri Jumapili, Jumatatu yuwahubiri kisimani kwa kinywa changu. Pale kiwandani nilikuwa na watu watatu niliopenda kuwaiga. Wa kwanza mlinzi, Mzee Kahindi, hana jino hata la dawa: "Thimama hapo. Wewe ni nani? Thema upethi." Wa pili mpishi wetu, Mama Riziki, aliyeunguza maharagwe kila siku ya Mungu, na akiyapakua aimba, "Yameungua kidooogo, wanangu, kidooogo tu, moshi nao ni kiungo." Na wa tatu meneja wetu, Bwana Mwangi, mtu wa bara, ana ndevu mpaka kifuani, mkali, hataki mzaha: "Wewe mama. Hii kazi haitaki pole pole. Hii kazi inataka haraka." Wanawake walikuwa wakicheka mpaka wafungua vitana kabla ya shangazi wa nne.

Meneja mwenyewe nilimwiga akiwa ofisini tu. Mimi mjinga wa shule, si mjinga wa dunia.

Ikawa siku moja asubuhi naingia langoni, nyuma ya Fundi Lali. Mlinzi hayupo, ameenda haja. Koti lake kubwa limetundikwa kwenye msumari pale pale asimamapo. Fundi akasimama mbele ya lile koti. "Mzee Kahindi, umeamkaje? Mguu wauma bado?" Akangoja. Akauliza tena, mguu je? Nikaanza kucheka, nikidhani anitania mimi. Kisha nikamwona uso. Alikuwa amelitegea koti sikio, kwa adabu, angoja lijibu.

Nikafanya nini? Nikalijibia koti. "Mguu thatha haujambo, fundi, nathukuru." Akatabasamu, akapita. Kisha hatua mbili mbele akasimama, bila kugeuka akasema polepole, Jumwa, Mzee Kahindi tumbaku hunuka kutoka huku hata kule, na leo hanuki.

Tukaenda tukakaa nyuma kwenye magunia. Akanieleza. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, ameingia tangu mwaka uliopita. Aona mwanga, aona kivuli, basi. Mashine aijua kwa mikono, kila kishikio chake, kalibu aifunga kwa kupapasa. Ila kitana kikitoka, kasoro ndogo haioni tena, na vidole vyake vilishaungua mara nyingi hata havisikii vizuri. Nikamwambia basi aende hospitali, au aseme, apumzike. Akaniambia habari ya Mwanaisha.

Mwanaisha alikuwa bintiye, mtoto wake mmoja, mamake kafariki. Alikuwa Malindi shule ya bweni, kidato cha nne, aungoja mtihani wa mwisho. "Akisikia nimerudishwa nyumbani kipofu, ataacha shule siku hiyo hiyo aje anipikie uji. Namjua yule. Amefanana na mamake. Nataka afanye mtihani wake, Jumwa. Akiweka kalamu chini, mimi mwenyewe nitakwenda kumwambia meneja."

Ilikuwa imebaki miezi mitano.

Sasa mwafikiri tulifanyaje? Nikimwendea kila saa nikimnong'oneza sikioni, mwanamke wa watu na mwanamume wa watu, pangezuka maneno mengine. Na mashine zile makelele, lazima usikike. Na nikipaza sauti, fundi kitana kibovu, fundi kitana kina hivi, watu watauliza kwani yeye haoni? Nikawaza siku nzima, shangazi zangu nawataja ovyo. Nikapata.

Sikizeni, hapa ndipo pana kazi, Sidi, hapa ukalale napo. Kitana kina magonjwa matatu makubwa. Wa kwanza, uji haukutosha kufika mwisho, kitana kikatoka na meno pungufu. Kibogoyo. Dawa yake kuongeza uji, au moto, au nguvu ya kusukuma. Wa pili, uji umepigwa kwa kasi mno, hewa iliyomo ndani imekosa pa kutokea, ikaungua, ncha za meno zikawa nyeusi. Dawa yake kupunguza kasi, na kusafisha vile vinjia vya hewa kwenye kalibu. Wa tatu, nguvu imezidi, au kalibu haikukazwa, uji ukachungulia pembeni, kitana kikatoka na ngozi nyembamba kati ya meno na ukingoni. Hizo twaziita ndevu. Huo ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu ukiuacha, ule utando wabanwa kati ya chuma na chuma, na kalibu yenyewe yaharibika midomo. Kitana kibovu utakisaga. Kalibu ikiharibika hamna wa kuisaga.

Haya. Kibogoyo tunaye, ni mlinzi. Aliyeunguza tunaye, ni mpishi. Mwenye ndevu tunaye, na mwajua ni nani.

Basi tukapatana na fundi: kitana kikitoka meno pungufu, nitaita kwa kinywa cha Mzee Kahindi, "Thimama hapo." Wanawake wacheka, yule Jumwa na upuuzi wake, na Fundi Lali kule nyuma mkono wake washaongeza uji. Ncha zikiungua, "Kidooogo, wanangu," naye apunguza kasi. Zikija ndevu, nachungulia kwanza kama mlango wa ofisi umefungwa, halafu, "Wewe mama, hii kazi inataka haraka," naye akaza kalibu, apunguza nguvu. Na kitana kikiwa kizuri, nasema kwa sauti yangu mwenyewe: fundi, hiki ni kitana. Kwa sauti yangu sikumdanganya hata mara moja.

Miezi ile mimi sijaisahau. Twafanya kazi kama mtu mmoja mwenye mikono minne. Saa nyingine aliniita tu bure, nimwige Mama Riziki pasipo na kilichoungua, acheke. Na adhuhuri, wengine wakienda kula, alinishika mkono akauweka juu ya kishikio, akanifundisha. Zungusha. Sikiza. Sasa sikiza. Wasikia lile shhhh lilivyokatika katikati? Uji umefika mwisho kabla ya pumzi. Punguza. Nikamuuliza kwa nini anifundisha mimi, mwanamke, nisiyejua hata kusoma namba kwenye saa ya kupimia moto. Akasema namba zile zenyewe zilishakufa siku nyingi, yeye hazisomi tangu alipokuwa akiona. Nikifunga kalibu vibaya hakunigombeza, alitaja tu jina la shangazi mmojawapo, kunikumbusha nitulie. Alikuwa ameshawajua wote. Nilipotoka msibani kwa Haluwa aliniuliza kama tumemfanyia matanga ya kutosha.

Mtihani ukawa umebaki wiki tatu, ikaletwa kalibu mpya.

Kitana kipya, kikubwa, cha meno marefu, nacho alikuwa akikitaka mfanyabiashara wa Mombasa kwa maduka yake yote. Yule mfanyabiashara akaja mwenyewe siku ya kuifunga, suti na viatu vyeupe, asimama kando ya mashine yetu kuona vitana vya kwanza. Na akija mgeni kama huyo, meneja naye atakaa ofisini? Bwana Mwangi alisimama hatua mbili nyuma yangu. Ndevu zake nazisikia zikipumua.

Fundi Lali alikuwa ameifunga ile kalibu tangu alfajiri, kwa kupapasa, na aliifunga vizuri. Lakini kalibu mpya ni kama mke mpya, hujui mpaka aamke. Akaniambia anza. Kwaa. Shhhh. Nikawataja wote saba. Kacha. Tik. Nikafungua mlango, nikachukua.

Ndevu. Ndevu huku na huku, utando kati ya kila jino.

Nikatazama nyuma ya mashine. Fundi amesimama mkono kwenye kishikio, kichwa kimeinama upande, angoja. Kama alivyolingoja lile koti. Kibogoyo nikisema, ataongeza nguvu, na kalibu ya watu itakatika midomo mbele ya mwenyewe. Nikimwita kwa sauti yangu, ni kumwambia kiko sawa. Nikinyamaza, kalibu yafumba tena. Nikafikiri nimwendee, lakini mashine yangoja mlango, na meneja aniangalia mikono.

Nikajikohoza. Nikasema, "Wewe mama. Hii kazi haitaki pole pole. Hii kazi inataka haraka."

Mwenzangu mmoja aliangusha kisu chake cha kukatia. Yule mgeni akakohoa, akitafuta pa kutazama. Fundi Lali akakaza kalibu, akapunguza nguvu, nikasikia kishikio kikilia. Labda meneja atafikiri nimekosea, nimeropoka kwa hofu. Mara moja yasameheka.

Kwaa. Shhhh. Nikataja shangazi zangu, na safari hiyo niliwaomba. Kacha. Tik.

Ndevu bado. Zimepungua, ni nyembamba kama ukucha wa mtoto, lakini ziko.

Hapo nilimfikiria Mwanaisha, ambaye sikuwa nimemwona hata siku moja, na kalamu yake mkononi. Na watoto wangu wanne niliwafikiria, siwadanganyi. Kisha nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, pamoja na ule mkoromo wake wa mwisho ambao sikuwa nimeutia mara ya kwanza. "Wewe mama. Inataka haraka."

Fundi akazungusha. Kidogo tu, robo ya kidole. Kwaa. Shhhh, na ile shhhh niliisikia ikilala vizuri mpaka mwisho. Kacha. Tik. Nikavitoa vitana vinne, vimenyooka, meno wazi, pembe safi kama vimelambwa. Nikavinyanyua. Machozi yanitoka, sauti ni yangu. "Fundi, hiki ni kitana."

Mgeni alikichukua kimoja, akakipitisha kichwani mwake, akatikisa kichwa kwa furaha. Bwana Mwangi hakukitazama. Alinitazama mimi. Uso wake haukuwa na hasira, afadhali ingekuwa hasira. Alikuwa ameaibika, mtu mzima, mbele ya mgeni wake. Akaniambia taratibu, na mara hiyo sikumwiga wala sitamwiga, nivue aproni niiweke juu ya meza, niende nyumbani, nisirudi.

Nikaanza kuifungua kamba. Fundi Lali alikuwa nyuma ya mashine, na angeweza kukaa kimya. Wiki tatu tu. Kalibu imeshakaa sawa, vitana vyatoka vizuri, hakuna ambaye angejua. Nilikuwa naomba akae kimya. Haki ya Mungu nilikuwa naomba.

Na niwaambie sasa hivi, kwa sababu nikifika mwisho sitaki mniulize tena. Mtihani Mwanaisha aliufanya. Hakuambiwa kitu. Wiki zile tatu babake alikaa kwangu Junju, kwenye kile chumba mnachoweka baiskeli, babu yenu akinung'unika asubuhi na akimsomea gazeti jioni. Shule iliandikiwa barua kwamba baba hajambo, kazi yaendelea. Na ilikuwa kweli, kazi ilikuwa ikiendelea, ila ovaroli yake nilikuwa nimeivaa mimi, nimeikunja mikono na miguu. Niliivaa miaka mingi. Baadaye alipasuliwa jicho moja, nikaenda kumwamkia wodini, akanitazama kwa kitambo kirefu, akasema, "Kumbe ndiye wewe. Sauti ilikupendelea." Alikuwa na kile kitana chenye ukili mkononi. Nesi yule wa Gede aliyemdunga Sidi sindano utotoni, mtoto akalia mpaka akajikojolea, mnamfikiri ni nani? Mwulizeni jina lake.

Lakini kazi yetu ya pamoja, ya mikono minne, hiyo iliishia pale pale, siku ile, mimi na kamba ya aproni vidoleni. Alitoka nyuma ya mashine akishika ukingo wake, akapita kati ya mgeni na meza, akagonga meza kwa nyonga, akasimama. Akamtafuta meneja kwa sikio mpaka akampata. Akavua kofia, ambayo sikuwahi kumwona akiivua. Akasema:

"Mwache huyo, Bwana Mwangi. Mimi ni kipofu. Fundi wako ni yeye."